Boksi Lina Tundu, Bei Ina Punguzo

Hapa Tanga ukisema unatafuta kamera, wa kwanza kukushauri ni muuza chaja za simu. Wa pili ni yule anayekaa kwenye benchi la muuza chaja bila kazi maalumu. Na wote wawili wana swali moja: "Ina megapikseli ngapi?" Utadhani wanauliza ng'ombe wa kitoweo ana kilo ngapi.

Basi tuimalize hiyo kwanza, tupumue. Picha ya kusafisha ya inchi 4 kwa 6, ile ya kwenye albamu ya harusi, ikichapwa kwa nukta 300 kila inchi inataka pikseli, yaani vile vitone vinavyounda picha, 1,200 kwa 1,800. Zidisha mwenyewe: milioni 2 na kidogo, yaani megapikseli 2. Ukurasa mzima wa A4 unakula milioni 8.7. Kamera ya kuanzia ya kubadilisha lenzi ina milioni 18 au 24, kwa hiyo una akiba ya kugawia majirani. Sasa yule anayekupigia kelele ya 48 kwenye kikamera kisicho na jina, lenzi ndogo kama kifungo cha shati, anakuuzia hesabu tu. Ndani mna sensa ndogo (siyo ile ya kuhesabu watu, ni kile kibamba kinachopokea mwanga), halafu programu inajaza pikseli za kubuni katikati ya zile za kweli. Ni yale ya mpishi kuongeza maji baada ya wageni kuzidi. Mchuzi umekuwa mwingi, papa ni yule yule.

Haya, tuje kwenye kilio chenyewe, punguzo.

Kuna punguzo la kukatwa palepale kaunta. Hilo hatuna ugomvi nalo, ingawa kuna maduka yanaandika 1,450,000 asubuhi ili jioni yakukatie mpaka 1,250,000 na kukuomba uwaombee dua. Lakini kuna jingine la Wamarekani, rebeti ya posta, na hili mtu wa Ngamiani akielezwa mara ya kwanza anadhani anataniwa. Unalipa bei nzima. Unajaza fomu. Unaambatanisha risiti. Kisha unachukua kiwembe, unakata kutoka kwenye boksi ile mistari myeusi ya bakodi, yenyewe hasa, siyo nakala yake wala picha yake. Vyote unavitia kwenye bahasha na kuposti kabla ya tarehe iliyoandikwa kwa herufi ambazo sisimizi angezisoma kwa miwani. Halafu unakaa wiki 6, wiki 8, hata zaidi, unasubiri hundi. Tarehe ikikupita, huna chako. Ukisahau risiti, huna chako. Anwani yako ikiwa Makorora, Tanga, ndiyo usiposti kabisa, maana fomu hizo kwa kawaida ni za wakazi wa huko tu.

Na binadamu ni binadamu hata akizaliwa Chicago. Bahasha inakaa juu ya friji mpaka tarehe inapita. Kampuni inalijua hilo, ndiyo maana inapenda rebeti kuliko kushusha bei mara moja kama watu wazima. Tuseme bango linaonyesha dola 399.99 kwa wino mwekundu, "baada ya rebeti". Kaunta unatoa 449.99, na kodi ya mauzo kwa kawaida wanaipiga kwenye hiyo kubwa. Ile 399.99 ni ahadi, kama fundi nguo na sikukuu ya Idi.

Utasema, rebeti ya Marekani inamhusu nini mtu wa Barabara ya 12? Inamhusu, tena sana. Chukua boksi la kamera iliyopitia huko ikaja kwenye begi la mtu. Zuri, linanukia upya, nailoni bado inang'aa. Sasa ligeuze. Chini pana tundu la mraba lililokatwa kwa utulivu, pembe nne zimekaa sawa, unaingiza vidole viwili unagusa kitabu cha maelekezo kule ndani. Muulize mwenye duka, "Anko, hili tundu la nini?" Atakujibu bila kupepesa, "La hewa, bosi. Kamera inapumua."

Inapumua! Hapo ndipo bakodi ilipokuwa. Imeshakwenda posta, hundi imeshatoka, kuna mtu ameshaila na chipsi, na wewe unadaiwa bei nzima kama vile hakuna aliyekutangulia kula. Tena maduka ya kule kwa kawaida hayapokei marejesho ya kitu ambacho bakodi yake imekatwa, kwa hiyo kamera hiyo hairudi kwao hata ikianza kupiga picha juu chini. Na ile kadi ya waranti ya soko la Marekani usiitegemee Chumbageni. Tundu hilo lisikutoe dukani mbio, kamera yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa. Liweke mezani kama hoja ya bei. Wao wamepata hewa, wewe upate nafuu.

Usibabaishwe na majina pia. Canon EOS 2000D ndiyo hiyo hiyo inayouzwa Marekani kwa jina la Rebel T7, sehemu za Asia ni 1500D, Japani inaitwa Kiss X90. Mwili mmoja majina manne, kama mtu aliyekopa kwenye vikoba vinne. Muuzaji atakwambia, "Hii ni Rebel, dada, ya Amerika hii, ni ngumu kuliko ile." Ngumu wapi? Kiwanda kimebadilisha maandishi ya mbele. Chaja tu ndiyo itazame: nyuma ikiwa imeandikwa 100 hadi 240V haina shida na umeme wetu, unahitaji adapta ya kichwa peke yake. Na ukikutana na Sony iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, fungua menyu kabla hujafungua pochi. Nyingi zina Kijapani tu. Unatafuta kuongeza mwanga, unajikuta umefuta harusi ya watu.

Sasa kuna hii ya namba. Mwaka 2018 Canon walitoa 2000D na 4000D kwa mpigo. Hapa mtu wa benchi anakukata kauli: "4000 ni kubwa kuliko 2000, chukua ya juu." Ndugu yangu, hapa namba imepanda, kamera imeshuka. Hiyo 4000D ndiyo mdogo wa mwisho, aliyerithi nguo za kaka.

Itie mkononi uone walipobania. Toa lenzi, tazama ile pete inapofungia. Kwenye 2000D ni chuma, kwenye 4000D ni plastiki. Kwa lenzi ndogo ya milimita 18-55 inayokuja nayo, plastiki itavumilia, tusisingiziane. Shida ni ukianza kuninginiza lenzi nzito au kuifungua na kuifunga mara ishirini kwa siku: pete inalika, lenzi inaanza kucheza kama jino la mtoto, miguso ya umeme haikai sawa, na kioo kinakuandikia Err 01, maana yake kamera na lenzi hazisemezani. Wakati mwingine dawa ni kufuta tu ile miguso ya dhahabu kwa kitambaa kikavu. Pete iliyolika haina kitambaa.

Endelea. Flashi ya 4000D haina kitufe cha kuinukia, unainyanyua kwa kucha kama kifuniko cha soda. Swichi ya kuwashia imeunganishwa na gurudumu la kuchagulia aina ya picha. Kwenye kitundu cha kuchungulia hakuna kile kigurudumu cha kurekebishia macho, kwa hiyo anayevaa miwani achungulie nayo hivyo hivyo. Na kioo cha nyuma ni inchi 2.7 chenye nukta 230,000, wakati mwenzake ana inchi 3 na nukta 920,000. Usidharau hilo. Picha imetoka safi, kwenye kioo inaonekana kama imepigwa nyuma ya chandarua, unamwambia bibi harusi arudi tena ngazini, naye na lile gauni na lile joto.

Kwenye lenzi nako pana mchezo. Kuna 18-55 zenye herufi IS na kuna zilizoandikwa III bila IS. Kwa mbali ni mapacha, na kwenye bango zote ni "lenzi ya kit". IS inatuliza mtikisiko wa mkono. Bila hiyo, ukivuta mpaka 55 unahitaji kasi ya kama 1/90 ya sekunde ili mkono usiharibu, na kwenye ukumbi wa sendofu wenye taa za rangi kasi hiyo huipati mpaka uombe flashi. Ila wasikudanganye kwamba IS inawatuliza na wacheza muziki. Shangazi akishaingia uwanjani na kanga kiunoni, hakuna herufi itakayomsimamisha.

Nikon D3500 mimi naiheshimu: pete ya chuma, na betri iliyopimwa picha 1,550 kwa chaji moja wakati 2000D ni 500. Lakini Nikon wameshaacha kuitengeneza, kwa hiyo utakayoikuta ni ya kukaa stoo au mtumba. Tena mwili wake hauna mota ya kulenga, unategemea ya lenzi. Ukiuziwa lenzi ya zamani iliyoandikwa AF peke yake, bila S wala P, utalenga kwa kuzungusha mkono kama unakuna nazi.

Kisha zinakuja zawadi. Ukilalamika bei, bei haishuki, zinapanda zawadi: begi, stendi ya plastiki ambayo upepo wa Raskazone unaitongoza, kitambaa, na "lenzi mbili za bure" za kukaza kwa kuzungusha mbele ya lenzi, kwenye mdomo wa milimita 58. Hizo za kukaza zinafanya pembe za picha ziyeyuke kama sabuni kwenye beseni. Na kadi, "128GB, bosi, ofa." Kadi feki ina 8 ndani lakini imefundishwa kusema 128. Inapokea picha zote bila kinyongo, ukifika nyumbani za mwisho hazifunguki. Itie kwenye kompyuta, endesha programu ya bure H2testw, iache iandike mpaka ijae na kusoma tena. Inachukua saa nyingi, ndiyo, lakini ni bora kuliko kumweleza mama wa bwana harusi. Betri za zawadi nazo zinavimba na kunasa humo humo chumbani mwake, unaitoa kwa koleo kama msumari. Mwambie aziweke zake, akupe betri moja halali na kadi ya 32GB ya kweli.

Ikiwa ni mtumba, ujue pwani yetu ilivyo. Unyevu huu unaootesha ukungu kwenye viatu kabatini hauisamehi lenzi. Itoe kwenye mwili, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili kwa mshazari. Vumbi ni vitone. Fangasi ni nyuzi, kama utando wa buibui mdogo aliyeanza kujenga ukingoni akaelekea katikati. Ukiona nyuzi rudisha, hata wakikukatia nusu. Kisha irudishe kwenye mwili, ivishe kifuniko, weka kulenga kwa mkono, piga picha ya sekunde 1. Kwenye weusi ule vitone vyekundu au vya buluu vinavyong'aa ni pikseli zilizoharibika. Fungua kifuniko, bana tundu la lenzi mpaka f/22, piga ukuta mweupe. Madoa meusi ni uchafu kwenye sensa. Tazama skrubu chini: vichwa vikiwa vimechubuka, bisibisi imeshapita. Kamera ndogo za lenzi ya kutoka na kuingia, sikiliza. Ikikwaruza, ni mchanga.

Na ukishanunua, ifungie kwenye debe la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na pakiti za silika, zile za kunyonya unyevu. Mchele una vumbi, uache kwa pilau.

Mwisho tunarudi kaunta. Unaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unaambiwa ya risiti bei yake nyingine. Unaomba waranti, unaandikiwa nyuma ya kadi ya duka: mwezi 1, haihusu maji, haihusu kuanguka, haihusu matumizi. Matumizi! Yaani ukainunue, ukaitazame. Halafu unasoma namba iliyo chini ya kamera, unailinganisha na ya boksi, hazifanani hata tarakimu tatu, na ukichanganya na lile tundu unasema sasa nimekushika. Wapi! Mwenye duka anainama chini ya kaunta, anatoka na boksi jingine, zima, halina tundu, halina kitu ndani.

"Hili hapa, bosi wangu. Ila la hili unaongeza elfu ishirini."