Lile karai lenye matairi halikustahili matusi yote yale

Mwaka 2017 nilikuwa naosha magari kwa mkono huko Reading, Uingereza. Ndoo, povu, na vidole vilivyokufa ganzi kuanzia saa mbili asubuhi. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, alikuja mama mmoja wa Kizungu, mtu wa umri wa kustaafu, na Range Rover Evoque ya rangi ya chungwa. Si ile Evoque mliyoizoea. Hii paa lake lilikuwa la kitambaa, linajikunja, gari linabaki wazi kuanzia kioo cha mbele mpaka kwenye buti. Mwenzangu wa zamu, kijana wa Mombasa, akiliona tu linakata kona husema, "Ndugu, lile karai larudi."

Karai, lile lile la kubebea zege. Na ukilitazama ubavuni likiwa wazi, bati refu limepanda juu, watu wanne wamechomoza vichwa tu, huwezi kumlaumu.

Kuliosha kulikuwa na adabu yake. Mashine ya maji ya presha unaishika mbali, usije ukasukumia maji kwenye mishono. Paa unalisugua kwa brashi laini, unafuata nyuzi zinakoelekea. Kwenye pembe za nyuma, pale kitambaa kinapokutana na mpira, kulikuwa na ukijani wa kuvu, maana mama hakuwa na gereji na gari lililala nje kwenye mvua za Uingereza, mnazijua. Kuvu ile haitoki kwa brashi kubwa. Inatoka kwa mswaki. Mswaki wa meno, wa kawaida kabisa. Kwa hiyo nilisimama pale kwenye baridi, mwana wa watu kutoka Arusha, nalipiga mswaki gari ambalo bei yake dukani ilianzia pauni 47,500.

Ndiyo maana nasema nalijua gari hili kuliko wengi waliolitukana. Na lilitukanwa kweli kweli. Waandishi wa magari, wapenzi wa tangu enzi wa Land Rover, kampuni inayounda Range Rover, watu wasiokuwa na hata baiskeli, kila mtu alikuwa na la kusema. Wengine walilipenda sana, tena wengi wao walitoa hela wakanunua, lakini waliolipenda hawakuwa na maneno makali kama waliolichukia. Ndivyo ilivyo siku zote.

Land Rover walianza kwa kulionyesha kama gari la majaribio tu, maonyesho ya Geneva, Machi 2012. Watu wakatabasamu wakaenda zao. Kumbe wenzao walikuwa hawatanii. Mwaka 2015, kabla ya kulizindua rasmi, walilitembeza gari la mfano ndani ya mahandaki ya reli mpya ya London yaliyokuwa bado yanachimbwa, kama mita 40 chini ya ardhi. Mpaka leo sijaelewa. Gari ambalo sifa yake moja kubwa ni kufungua anga, mnalitembeza mahali pasipo na anga? Novemba mwaka huo huo likazinduliwa Los Angeles, ambako angalau jua lipo, na mwaka uliofuata likaingia sokoni.

Hoja za wapinzani nazikubali nyingi. Buti lake ni la lita 251, na mlango wake ni mfinyu: begi la safari unalilaza kwanza ndipo liingie. Paa likifungwa, kioo cha nyuma kinabaki kama tundu la kuchungulia mgeni mlangoni. Ukitaka upepo usikuchape shingoni, kuna wavu wa kuzuia upepo unaofungwa juu ya viti vya nyuma, na ukishaufunga, nyuma hakai mtu. Gari la watu wanne linageuka la wawili. Halafu uzito: karibu tani mbili, na kwa injini ya dizeli ya lita 2.0 halina haraka ya kwenda popote.

Uzito huu watu huutaja kama vile ni uzembe wa wahandisi. Sio. Mjomba wangu amefanya kazi miaka mingi kwenye karakana Arusha, zile zinazochukua Land Cruiser, zinairefusha shasi, zinakata bati la juu na kuweka paa la kupandisha ili watalii wasimame watazame simba. Nilipomtumia picha ya Evoque kwa simu, swali lake la kwanza halikuwa la urembo. Aliuliza, "Hiyo ina shasi?"

Hapo ndipo penyewe. Land Cruiser ya porini ina shasi ya chuma chini, imara, na bodi imekalishwa juu yake. Ukikata paa, shasi haina habari. Land Rover ya kwanza, ile iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa hivyo hivyo: shasi chini, turubai juu, tena turubai lenyewe unaweza ukaliacha nyumbani. Lakini Evoque haina shasi ya namna hiyo. Bodi nzima, pamoja na paa, ndiyo inayobeba kila kitu. Chukua debe la mafuta ya kula: likiwa zima unalikalia na halisemi kitu, kata bati la juu uone linavyobonyea. Kwa hiyo ukiliondoa paa la Evoque, nguvu iliyopotea juu lazima uirudishe chini kwa vyuma vya ziada, sakafuni na kandokando. Kisha unaweka mota na vyuma vya kulikunja paa lenyewe. Kisha unaficha vyuma viwili nyuma ya viti ambavyo huchomoka ghafla gari likitaka kupinduka, ili vichwa vya abiria visalimike. Mjomba alisikiliza yote haya akasema, "Kwa hiyo wametoa bati wakaongeza chuma." Ndiyo, mjomba, hivyo hivyo.

Ambapo sikubaliani na wapinzani ni kwenye lile neno lao la usaliti. Eti Range Rover ni gari la shamba, la matope, la wanaume kazi, na kulifungua paa ni kulivunjia heshima. Heshima gani? Range Rover ya mwaka 1970 kweli ilikuwa na sakafu unayoweza kuiosha kwa mpira wa maji, na ilikuwa na milango miwili tu, kama hii hii wanayoicheka. Lakini haikuchukua muda matajiri wakaijua. Miaka ya sabini na themanini kulikuwa na karakana Uingereza zilizokuwa zinakata mapaa ya Range Rover kwa oda, na wateja wazuri wa kazi hiyo walitoka nchi za Ghuba. Walitaka gari la wazi la kwenda nalo jangwani kuwinda kwa vipanga, maana ukiwa umefungiwa ndani ya bati utamrushaje ndege, na utamwonaje akiwa juu? Hakuna aliyesema wale wamemsaliti mtu.

Na Evoque yenyewe, hata ile yenye paa la bati, lini ilikuwa ya shamba? Ilipozinduliwa mwaka 2010 Victoria Beckham, yule mwimbaji aliyegeuka mbunifu wa mavazi, alipewa cheo cha kushughulikia ubunifu wake, na mwaka 2012 likatoka toleo lake maalumu, magari 200. Walipofika hapo matope walikuwa wameshayaaga. Evoque ilikuwa gari la mjini tangu siku ya kwanza, lenye sura ya porini. Hii ya wazi ilikiri tu.

Lile swali la pili la mjomba ndilo lililonifungua macho. Alikuwa ameitazama ile picha muda mrefu, mama wa watu ameegesha kwenye lami, nyuma yake duka kubwa na mawingu ya kijivu. Akaniuliza, "Sasa mjomba, wakishafungua, wanaangalia nini?"

Nikacheka, halafu nikakosa jibu. Maana kwake paa hufunguliwa ili watu waone. Serengeti unafungua uone chui juu ya mti. Ghuba unafungua uone kipanga. Reading unafungua uone nini, mzunguko wa barabara? Jibu ni kwamba pale hufungui uone. Unafungua uonekane.

Na nikishalisema hivyo, hasira za watu nazielewa vizuri zaidi. Gari lolote la kifahari linanunuliwa kwa sehemu kubwa ili mwenyewe aonekane, ila mnunuzi anapewa kisingizio: gia za matope, uwezo wa kuvuka mto, usalama wa watoto. Anaendesha gari la kuvuka mito kwenda kununua mkate, na hakuna anayemuuliza. Evoque hii visingizio ilikuwa navyo, magurudumu manne yanayovuta na uwezo wa kupita kwenye maji ya kina cha sentimita 50, lakini ukiliona wazi barabarani havikusaidii. Maji ya chini haliogopi. Ya juu ndiyo linahitaji sekunde 21 kujifunika.

Isitoshe, kuonekana si dhambi, inategemea nani anaonekana. Kenya, kila tarehe 12 Desemba, Siku ya Jamhuri, rais huingia uwanjani amesimama kwenye gari la wazi, anapunga mkono, na hakuna anayeliita karai. Mwaka huo huo wa 2015 Malkia Elizabeth alipelekewa Range Rover ndefu iliyokatwa nyuma kwa kazi hiyo hiyo ya kusimama akaonwa na watu wake. Na mwaka 2017 Mercedes-Maybach walitengeneza G 650 Landaulet, gari la juu la injini ya silinda 12 ambalo paa lake la nyuma linafunguka, magari 99 tu. Kwa mtazamo wangu lile ni kichekesho kikubwa zaidi ya Evoque mara kumi. Lakini bei ikiwa kubwa vya kutosha watu hushusha sauti.

Wazo lenyewe halikuwa la Land Rover peke yao. Nissan walitangulia na Murano ya wazi, ikauzwa Marekani kuanzia 2011, ikachekwa, ikaachwa 2014. Volkswagen wakaja baadaye na T-Roc ya wazi, ndogo, ya bei ya chini, na huyo alichekwa kidogo tu. Evoque ilikaa katikati: ghali kiasi cha kuchukiza, si ghali kiasi cha kuogopesha. Evoque mpya ilipotoka Novemba 2018, toleo la wazi halikuwemo, na hata sasa halijarudi.

Mimi nisingelinunua hata ningekuwa na hela. Napenda kuona nyuma ninaporudi nyuma, na nimesafisha kuvu ya kutosha maisha yangu yote. Huku kwetu ningelifungua lini? Saa sita mchana Dar ngozi ingebanduka, na vumbi la Arusha la Agosti lingejaza viti mpaka ukapande mahindi humo ndani.

Lakini yule mama nilimuuliza siku moja kwa nini alilichagua. Sikutegemea jibu lake. Alisema amekuwa na magari ya wazi tangu ujana, yale madogo ya michezo yanayolala chini kama mkeka, na alipofanyiwa upasuaji wa nyonga akawa hawezi tena kutoka ndani yake. Anaingia kwa kujitupa, anatoka kwa kuvutwa. Hili anafungua mlango, anakaa kama anakaa kwenye kiti cha sebuleni, anaondoka. Madaktari hawakumwambia aache jua, alisema, walimwambia aache viti vya chini. Katika matusi yote niliyoyasikia sikumsikia hata mmoja akitaja goti wala nyonga. Wanaoandika habari za magari wengi ni vijana.

Jua lilitoka vizuri mwezi wa Aprili. Alikuja na mbwa wake kwenye kiti cha nyuma, tukaliosha, tukalikausha, akalipa, akabonyeza kitufe. Paa likainuka, likajipinda, likaanza kuzama nyuma kama ngalawa inayoshusha tanga. Mwenzangu wa Mombasa alikuwa amesikia kwamba ni sekunde kumi na nane na hakuamini, akawa anahesabu kwa sauti huku ameshika kitambaa. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane. Likatulia. "Hapo si uongo," akasema. Mama akaondoka, mbwa masikio yanapepea, na mimi nikachukua video mpaka walipokata kona, nikamtumia mjomba.

Alijibu usiku, kwa sauti, nyuma yake nasikia mtu anakata bati kwa grainda. "Nimeiona. Mwambie huyo mama avae kofia."