Bruce Lee Alivyotutoza Beberu Ujiji

Posa ya kaka yangu ilikuwa imeshanyooka. Mshenga alishamaliza mashairi yake yote ya "tumeona ua bustanini kwenu", barua imepokelewa, kishika uchumba kimehesabiwa mara mbili, na wenyeji wetu wa Ujiji wakatuandalia wali na migebuka inayoogelea kwenye mawese. Tulikaa jamvini na kanzu zetu nyeupe. Ya mshenga ilikuwa ya kuazima, tena alishaapa kuirudisha jioni ileile.

Kilichotuponza ni televisheni. Ilikuwa imezimwa sauti, watu wanapigana kungfu. Mjomba wa binti, ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho kwenye mahari, akaitazama akaguna.

"Hawa wanacheza. Mpiganaji alikuwa Bruce Lee. Wakamwonea wivu, wakamtilia risasi ya kweli kwenye bunduki ya filamu, akafa palepale kamera zinaona. Nilimwona kwa macho yangu, kwenye kibanda cha video, mpaka akalazwa kwenye jeneza."

"Hata mimi nilimwona," akadakia mzee mwingine. "Na mimi, kule Mwanga," akasema wa tatu. Mshenga wetu naye, badala ya kula kimyakimya, akatikisa kichwa kwa majonzi kama mfiwa.

Sasa mimi mdomo wangu hauna mlango.

"Samahani, mjomba. Bruce Lee alifia Hong Kong, Julai 20, 1973. Kichwa kilimuuma, akameza dawa ya maumivu, akajilaza, hakuamka tena. Ubongo ulivimba. Aliyepigwa risasi wakati wa kurekodi filamu ni mwanawe, Brandon, mwaka 1993, kule Marekani."

Kaka akanifinya paja. Kimya kikatanda, na mjomba akaniuliza kwa upole, ule upole wa mtu anayenoa kisu.

"Mwanangu, umezaliwa lini?"

"Tisini na sita, mjomba."

"Kwa hiyo sabini na tatu ulikuwepo?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mjomba, kwa kupata moto wa makofi, akasimama kunionyesha alivyoruka Bruce Lee kuwafuata wenye bunduki. Akapandisha kikoi, akapiga ukelele, akarusha teke. Mguu ulikuwa na nia njema, ila goti lilikuwa na umri wake. Kidole gumba kikanasa ukingo wa bakuli la mawese, bakuli likapaa, na mgebuka mmoja mzima ukatua kifuani kwa mshenga.

Anayejua mawese ya Kigoma hahitaji maelezo. Akina mama wakaja mbio na unga, ndimu, chumvi na sabuni ya mche. Kila walivyosugua, doa lilizidi kutanuka, likashuka hadi kiunoni, likakolea kama jua la magharibi. Mshenga hakunitazama. Alikuwa anatazama jioni.

Wenzetu ughaibuni jambo hili la watu wengi kukumbuka kisichotokea wamelibandika jina la Mandela, kwa sababu mwanamke mmoja wa Marekani, Fiona Broome, alikuta wenzake wengi wanakumbuka kama yeye kwamba Mandela alifia gerezani miaka ya 1980. Mandela huyuhuyu aliyetoka gerezani Februari 1990, akawa rais, akafariki Desemba 2013! Mtanzania humpati hapo, sisi tuliowapa ANC, chama chake, pa kuishi pale Mazimbu, Morogoro. Lakini kwa Bruce Lee tumo wote. Kibandani mtafsiri alikuwa anaongeza chumvi yake juu ya mkanda, jenereta linanguruma, na kila mtoto anajua steringi hafi. Steringi akifa kweli, lazima iwe kwa hila.

Nikatoa simu ili yaishe. Shemeji mtarajiwa mmoja akaipokonya, akaitafuta filamu yenyewe, Game of Death, ya mwaka 1978. Bruce Lee alikufa hajaimaliza, wakaiunga kwa kutumia watu waliofanana naye. Na ndani yake, jamani, steringi ni mwigizaji wa filamu. Anaruka kuwafuata wenye bunduki, kamera zinaona, na bunduki moja ina risasi ya kweli!

"Si huyo?" mjomba akafoka. "Si huyo anaanguka?"

"Ni hadithi, mjomba. Hapo wameigiza tu."

"Na jeneza je?"

Nikasoma maelezo, nikatamani chaji iishe. Picha za msiba walizotia mle ni za mazishi yake halisi. Maiti iliyomo ni ya Bruce Lee mwenyewe.

Wazee wakashikana mikono kama waliofunga goli. Mjomba akaketi, akakunja kikoi, akamgeukia mshenga aliyekuwa bado anapakwa unga.

"Mahari haibadiliki, mmetuheshimu. Ila huyu kijana ana faini ya mbuzi kwa kuwabishia wakubwa."

Mshenga akaitikia haraka, "Tumepokea, mjomba. Na awe beberu."

Alikuwa upande wetu, yule.