Meya wawili, saini moja: Gültan Kışanak na mvutano wa uongozi wa pamoja

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Machi 2014 nchini Uturuki ulihusisha majiji makuu 30. Wanawake walioshinda umeya walikuwa 3 tu: Fatma Şahin wa Gaziantep kwa tiketi ya chama tawala cha AKP, Özlem Çerçioğlu wa Aydın kwa tiketi ya chama cha upinzani cha CHP, na Gültan Kışanak wa Diyarbakır, jiji ambalo Wakurdi wengi wa Uturuki hulihesabu kuwa ndilo lao. Wawili wa kwanza walikalia kiti peke yao. Kışanak aliingia ofisini na meya mwenza mwanamume, Fırat Anlı.

Utaratibu huo haukuanzia kwenye manispaa. Vyama vya Wakurdi, kambi ya Kışanak, vilianza na kiwango cha lazima cha wanawake katika nafasi zao, vikakipandisha hatua kwa hatua hadi asilimia 40 chama chao cha DTP kilipoundwa mwaka 2005, na chama hicho kikawa na wenyeviti wenza wawili, mwanamke na mwanamume. Mwaka 2014 sheria ya vyama vya siasa ilirekebishwa, uenyekiti wa watu wawili ukawa halali. Sheria ya manispaa haikuguswa. Hapo ndipo kasoro ilipobaki.

Kwenye karatasi ya kura kunakuwa na jina moja. Mwenzake kwa kawaida huwekwa kwenye orodha ya madiwani, kisha chama kinamtangaza kuwa meya mwenza. Mikutano wanaiongoza pamoja na wageni wanawapokea pamoja, lakini hundi, mikataba na barua za ajira zinatambua saini ya mmoja tu. Mwenye saini akiwa mwanamke, kama Kışanak, usawa una meno. Akiwa mwanamume, yule mwenza hutegemea hiari yake na ukali wa chama.

Wapinzani wana hoja ambazo si za kupuuzwa. Mpiga kura hakumchagua huyo wa pili kuwa meya. Manispaa ikiharibu, nani atawajibika? Serikali ya Uturuki inakwenda mbali zaidi: inadai mfumo wenyewe umetoka kwa PKK, kundi la Wakurdi lililopigana na dola kwa silaha, na waendesha mashtaka wameutumia kama ushahidi mahakamani. Ni kweli kwamba wazo hilo lina mizizi katika fikra za Abdullah Öcalan, mwanzilishi wa PKK, na kukataa hilo ni kujidanganya. Ila asili ya wazo haigeuzi kugawana ofisi kuwa kosa la jinai, hasa pale ambapo bunge hilohilo limeuhalalisha mgawanyo huo ndani ya vyama.

Kuna pia hoja ya Şahin na Çerçioğlu: si walishinda bila mwenza? Walishinda, lakini kila mmoja alipita kwa sababu mkuu wa chama alimtaka, na akiondoka yeye, mlango hauachwi wazi kwa mwanamke mwingine. Katika vyama vya Wakurdi, wagombea wanawake huamuliwa na baraza la wanawake la chama, wanaume hawana kura humo. Hilo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko cheo cha umwenza chenyewe. Hata Leyla Zana, aliyeingia bungeni mwaka 1991, alianza kufahamika kama mke wa Mehdi Zana, meya wa zamani wa Diyarbakır aliyekuwa gerezani. Kizazi cha Kışanak, mwandishi wa habari aliyefungwa mwenyewe baada ya mapinduzi ya 1980, hakikuhitaji jina la mume. Juni 2015 HDP, chama cha Wakurdi cha wakati huo, ilipata viti 80 bungeni, karibu asilimia 40 vikiwa vya wanawake, wakati bunge zima lilikuwa na wanawake asilimia 18 hivi.

Pigo kubwa lilikuja Septemba 2016. Kabla ya hapo, meya akiondolewa, madiwani walichagua mrithi miongoni mwao, na meya mwenza, akiwa diwani, alikuwa karibu kabisa na kiti. Amri ya dharura namba 674 iliifunga njia hiyo kwa kesi za ugaidi: serikali kuu inateua msimamizi wake. Oktoba mwaka huo Kışanak na Anlı walikamatwa, na muda si mrefu ofisi ikakabidhiwa kwa mkuu wa wilaya aliyetoka Ankara. Wasimamizi hao walifunga vituo vingi vya wanawake katika manispaa walizopewa. Kışanak alitoka gerezani Mei 2024.

Katika uchaguzi wa 2024, Diyarbakır ilimweka Serra Bucak kwenye karatasi ya kura na Doğan Hatun akawa mwenza. Jiji la Van likafanya kinyume: jina lilikuwa la Abdullah Zeydan, mwenza Neslihan Şedal. Chama chao cha Wakurdi kiliwahesabu wote wanne kuwa mameya. Anayetaka kupima usawa wa kweli ahesabu majina ya kwenye karatasi za kura, mji kwa mji, maana hata mkandarasi wa barabara anajua ni nani wa kumfuata malipo yakikwama.