Picha Hii Inataka Majina

Wiki mbili zilizopita binamu yangu alituma picha kwenye kundi la familia. Ni picha ya Bibi, Tanga, Desemba 1961, siku ya Uhuru wa Tanganyika. Sote tunaijua. Tangu tukiwa watoto imekaa kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda chake. Kila Idi inatolewa, inapita mkono kwa mkono, inarudishwa. Safari hii ilikuja na rangi. Binamu aliipitisha kwenye programu ya simu, na kufumba na kufumbua wanawake 11 waliokuwa kijivu miaka yote wakapata mashavu, midomo, na kanga za samawati na zambarau. Kundi zima likashangilia. Makopakopa, makofi, mashallah.

Jumamosi nilikwenda kwake Ngamiani, Tanga, nikamwonesha Bibi kwenye simu. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, kisha akaniuliza, "Mke mwenzangu, huyu nani kavaa kanga hii?"

"Ni wewe, Bibi."

"Mimi? Mimi siku ile nilivaa kisutu."

Asiyezijua kanga ataona ni jambo dogo. Kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, haina jina, yaani maneno, pindoni, na kwetu pwani ndiyo kanga ya bi harusi. Bibi aliolewa mwezi wa nane mwaka uleule. Kila aliyemwona barabarani siku ile alijua, bila ya kuambiwa, kwamba huyu ni mwali aliyetoka ndani juzijuzi. Kwenye picha ya kijivu habari hiyo ipo bado: ukiikuza unaviona vile vidude vidogovidogo vilivyobanana kitambaa kizima, na mwenye kukijua kisutu anakitambua hata kikiwa hakina wekundu. Kwenye picha ya rangi habari hiyo imefutwa, na nafasi yake imewekwa kanga ambayo hakuna duka lililowahi kuiuza.

Kulia kwake amesimama mwanamke mrefu aliyejifunga kanga yenye jina. Katika picha ya asili herufi zinasomeka: YA MTUNGI, halafu kitambaa kinakunjwa kiunoni na maneno yanapotelea humo. Programu ilipofika hapo ikaziona herufi kama mikwaruzo, ikazilainisha, zikawa mistari isiyo na maana. Nilimsomea Bibi zile herufi za asili, naye akamalizia papo hapo: "Siri ya mtungi aijuaye kata. Hiyo kanga aliinunua kwa ajili ya mtu." Akanitajia huyo mtu, na sababu, na lini walipatana. Yote hayo yalikuwa yamelala kwenye pindo la kanga kwa zaidi ya miaka 60.

Basi nasema wazi ninavyoona: tuache kuzipaka rangi picha za zamani na kuita huko ni kuziboresha. Najua wanaofanya hivyo wanazipenda. Binamu yangu anampenda Bibi kuliko wengi wetu. Lakini picha nyeusi na nyeupe haikuhifadhi rangi, ilihifadhi mwanga na kivuli peke yake. Tena mabamba ya kioo na filamu nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20 hazikuweza kuiona nyekundu: nyekundu ilitoka nyeusi, na buluu ikatoka imepauka. Kitambaa chekundu na cheusi vikawa ndugu mapacha. Hakuna mashine inayoweza kuvitenganisha leo kwa kuitazama karatasi tu. Inakisia, na kisio lake linasambaa simu hadi simu kama ushahidi.

Na rangi ni afadhali. Kibaya zaidi ni zile programu zinazonoa sura. Mstari wa nyuma kwenye picha ya Bibi kuna msichana aliyegeuka wakati kamera inapigwa, uso wake umetoka kama moshi. Programu ikampa macho mawili mazuri, pua, na meno. Uso ule si wa binadamu yeyote aliyewahi kuzaliwa. Bibi, kwenye picha ya asili, alimjua kwa namna alivyosimama, bega moja juu: "Huyu alikuwa hatulii hata msibani." Akamtaja jina. Kwenye ile iliyonolewa hakumjua kabisa.

Siku ile ya Uhuru wengi tunaijua kwa picha za Dar es Salaam. Uwanja wa Taifa, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, bendera ya Waingereza inashuka na ya Tanganyika inapanda. Mwalimu Nyerere yupo, Gavana Richard Turnbull yupo, Prince Philip amekuja kumwakilisha Malkia. Juu ya Kilimanjaro yuko Luteni Alexander Nyirenda, na mwenge wa Uhuru. Kila mmoja wao ana jina lake chini ya picha, na cheo. Hata mimi nazipenda picha hizo. Lakini siku hizi nikizifungua macho yangu yanakimbilia pembeni: kwa mama aliyembeba mtoto mgongoni usiku ule wote, kwa kijana aliyevaa koti lililompita mabega, ambalo ni dhahiri kaazima. Hao ndio nchi iliyokuwa inapata uhuru, na maelezo ya picha yanawaita "umati".

Tazama ile picha inayojulikana kuliko zote kwetu, ya mwaka 1964, Mwalimu akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar. Tumekua nayo kwenye vitabu vya shule na kalenda. Waulize watu kumi, wale waliomzunguka Mwalimu ni akina nani, uone wangapi watajibu. Walikuwa vijana wanne, wawili kutoka kila upande: Hassaniel Mrema na Sifaeli Shuma wa Tanganyika, Khadija Abbas na Hassan Omar Mzee wa Zanzibar. Hawa angalau waliwahi kutafutwa na waandishi wa habari, wakahojiwa, wakasimulia wenyewe. Wanawake waliosimama nyuma ya Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake, kwenye mikutano ya TANU, chama kilichopigania uhuru, wale walioshona sare na kupika na kukusanya ada za wanachama nyumba kwa nyumba, wengi wao watabaki "wanawake wa TANU" mpaka kiama.

Ugonjwa huu ni wa zamani kuliko uhuru. Mjerumani Walther Dobbertin alipiga picha nyingi mno za nchi hii enzi za Wajerumani, na tangu mwaka 2008, Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani ilipoachia makumi ya maelfu ya picha zake kwenye intaneti, mtu yeyote anaweza kuziona kazi zake bure. Nimekesha nazo. Zimepigwa kwa ustadi mkubwa, unaona hadi nyuzi za mkeka. Ila ukisoma maelezo, Mzungu mara nyingi ana jina, na wetu ni askari, mpagazi, boi. Postikadi zilizokuwa zikiuzwa Zanzibar kwa abiria wa meli nazo ni vivyo hivyo: binti amekalishwa kwenye kigoda, ametazama anapoambiwa atazame, chini kumeandikwa kabila lake. Jina alikuwa nalo. Mpiga picha angemwuliza tu.

Kwa sababu hiyo mimi nazithamini picha za studio kuliko picha za maonesho na magwaride. Pale Mji Mkongwe, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Mombasa kulikuwa na studio ya Parekh, Lamu na ya Bakor. Tofauti ya studio na postikadi ni hela. Kwenye postikadi anayelipa ni mgeni, kwa hiyo mgeni ndiye anayeamua wewe uonekane nani. Studio unalipa mwenyewe. Unavaa nguo ya Idi, unachagua pazia la nyuma, unaomba saa ya mkononi kama huna, unaweka mkono juu ya redio ili saa ionekane. Marafiki wawili wa kike wanavaa kanga za namna moja, wanaegemezana vichwa. Kijana aliyepata mshahara wa kwanza wa mkonge anapiga snepu ya kupeleka kwao. Watu hawa wametutazama moja kwa moja wakisema: nikumbukeni hivi. Ukiibadilisha kanga yake rangi umemkatalia ombi ambalo alililipia.

Najua zipo hazina kubwa mbali na hapa. Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kinatunza mkusanyiko wa Mwingereza Humphrey Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, kuanzia miaka ya 1860 hadi 1960, na zinaonekana mtandaoni. Nashukuru zimetunzwa. Lakini hakuna mtu huko Marekani atakayekwambia yule bibi mwenye kikapu kushoto ni nani. Anayejua yupo huku, amekaa barazani, ana miaka 80 na kitu, na hajaulizwa.

Na picha zenyewe nyingi zipo huku pia, majumbani. Priya Ramrakha, mpiga picha wa Nairobi aliyeuawa kwenye vita vya Biafra, Nigeria, mwaka 1968 akiwa kazini, sehemu kubwa ya kazi zake ilikuja kukutwa miaka mingi baadaye kwenye gereji, Nairobi hukohuko. Huyo alikuwa mtu mwenye jina duniani. Fikiria basi makopo ya biskuti ya Ngamiani, masanduku ya Pangani, mabegi yaliyo juu ya makabati Magomeni. Pwani hii ina unyevu usio na huruma. Ukungu unaanza kwenye kona, unatambaa. Picha iliyowekwa kwenye fremu inagandana na kioo, ukiivuta uso unabaki kwenye kioo. Zile albamu za gundi tulizozipenda zinazila picha taratibu. Mjomba wangu alipeleka picha ya harusi yake duka la fremu ili iwekwe ukutani, wakamkatia ukingo mweupe ili itoshe. Kwenye ukingo ule ndiko kulikokuwa na muhuri wa studio na mwaka. Vikaenda na takataka.

Nyuma ya picha ya Bibi kuna mwandiko wa Babu, kwa penseli: "Ukumbusho wa Uhuru, 9/12/61." Basi. Zamani nilikuwa namlaumu kimoyomoyo kwa kutoandika majina. Sasa namwelewa. Kwa nini angeandika? Aliyekuwa kwenye picha alikuwa jirani, alimwona asubuhi na jioni, watoto wao walioga pamoja. Mtu haandiki jina la anayemwona kila siku. Jina linaandikwa na anayejua kwamba ataulizwa na mtu asiyekuwepo, na Babu hakutufikiria sisi tutakuja na simu kuuliza.

Kwa hiyo Jumamosi ile nilifanya nilichopaswa kufanya miaka 20 iliyopita. Tulitandika mkeka uani. Nilipiga picha zote za kwenye kopo, mbele na nyuma, kwenye kivuli ili zisiakisi jua. Nikawasha kinasa sauti cha simu, nikakiweka karibu na sahani ya kashata, nikamwacha Bibi aseme bila kumkatiza. Kila jina nililiandika kwa penseli laini nyuma ya picha, pembeni, pasipo na sura upande wa pili, maana kalamu ya wino inapenya na kuchafua. Kisha kila picha kwenye bahasha yake ya karatasi. Haikugharimu kitu zaidi ya bahasha.

Yaliyotoka humo siwezi kuyaandika yote hapa, na mengine Bibi mwenyewe alinikataza. Ila kuna moja ameniruhusu. Ukingoni kabisa mwa ile picha ya Uhuru, kushoto, linaonekana gurudumu la baiskeli na mkono wa mwanamume umeshika usukani. Mwili haumo, umekatwa na fremu. Miaka yote tuliupita mkono ule bila kuutazama. Bibi aliuwekea kidole, akanyamaza kidogo.

"Huyu babu yako. Aliogopa kusimama na wanawake."

Binamu nimempelekea ile sauti. Amenipigia usiku, tukazungumza muda mrefu, na ile picha ya rangi ameiondoa kwenye kundi, akaweka ya kijivu, na chini yake orodha ya majina.

Mpaka sasa tuna majina saba kati ya 11. Manne Bibi hayakumbuki, mojawapo ni la yule msichana mdogo aliyeshika bendera ya karatasi mbele kabisa. Anasema atakayejua ni somo yake anayeishi Chumbageni, waliyecheza ngoma pamoja. Macho ya somo yamepungua sana, lakini binti yake atakuwepo na atamwelezea mmoja mmoja, nani amesimama wapi, amejifunga nini. Tunakwenda Ijumaa baada ya swala. Bibi ameshatoa kanga ya kuvaa.