Mita ya mitumba na Arduino ya selotepu

"Waya za kuokoteza hizo, vipimo vyake siviamini," mhandisi mmoja ninayemheshimu aliniambia katika karakana ya Kondele, Kisumu, akitazama Arduino, kibao kidogo cha elektroniki kinachopangiwa programu, iliyobandikwa kwa selotepu mgongoni mwa mita ya umeme ya HP 3478A ili kuiunganisha na kompyuta. Fundi alikuwa anapima betri ya sola iliyorudishwa na mteja, kipimo kimoja kila dakika, usiku kucha, moja kwa moja kwenye kompyuta. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mwanagenzi mwenye daftari. Ikifika saa tisa usiku, namba zake zilianza kufanana ajabu.

Mhandisi ana hoja. Kiwango cha IEEE 488 cha mwaka 1975, yaani kanuni za kuunganisha vyombo kama mita hii na kompyuta kwa plagi ya pini 24, kinaruhusu vifaa 15 kwenye nyaya zilezile, kwa hiyo kinataka kila kifaa kimudu miliampea 48 kwa waya mmoja. Pini ya Arduino Uno haipaswi kuvuka 40, na chipu nzima 200. Tena Arduino isiyo na umeme huweza kuvuta nyaya chini na kuvinyamazisha vyombo vingine vyote. Maabara yenye vyombo kumi inunue adapta ya kiwandani ya kuunganisha vyombo na kompyuta, au iweke katikati chipu za SN75160 na SN75161, zilizoundwa kumudu mkondo huo.

Kondele lakini pana mita moja. Kwa vipinga vya kiwango hicho, mita moja hudai kama miliampea 1.5 kwa waya. Nyaya zote 16 za mawasiliano zikivutwa pamoja hazifiki 30. Na usahihi je? Mita hupima yenyewe, hugeuza volti kuwa tarakimu yenyewe, ndipo hutuma herufi, na kila herufi husubiri mpokeaji akiri kuipata. Arduino ikikosea, mara nyingi utaona kimya au takataka. Ni nadra ipate namna ya kupunguza milivolti tatu kimyakimya. Mwanagenzi mwenye usingizi anayo.

Mimi kinachonisumbua ni betri iliyo ndani ya mita. 3478A hutunza namba zake za kalibresheni, zile zinazosahihisha vipimo vyake, katika kumbukumbu inayolindwa na betri ya lithiamu ya volti 3, iliyolehemewa ndani. Mita yenyewe ni ya miaka ya 1980. Betri ikifa, kioo bado kitawaka na tarakimu zitacheza, ila hazitakuwa na maana, na kuzirekebisha kunataka vyanzo sanifu vya volti na omu ambavyo fundi wa Kondele hana na hatapata wa kumwazima. Chote kinachopotea ni nusu-baiti 256, yaani namba ndogo za biti nne! Arduino ikiitumia mita herufi W ikifuatwa na anwani, husoma moja. Rudia mara 256, umemaliza kabla chai haijapoa. Baada ya hapo unaweza kung'oa betri bila moyo kudunda, maana hata kumbukumbu ikifutika, namba zilezile huandikwa upya kupitia plagi hiyohiyo, swichi ya kalibresheni ikiwa imefunguliwa.

Sasa mwambie fundi asubiri adapta ambayo mara nyingi ni ghali kuliko mita aliyoinunua mitumba. Betri haimsubiri.

Faili la namba hizo za mita ya Kondele liko kwenye simu ya fundi, na nakala ninayo mimi. Mhandisi wetu ana 3478A mbili kabatini ambazo namba zao hazijawahi kusomwa. Jumatatu alituma kijana kuazima ile Arduino, selotepu na vyote.