Swichi Inayoizima Sensa

Nilimwomba fundi umeme jambo moja tu: taa ya uani yenye sensa, kile kifaa kinachohisi mtu akitembea, ijiwashe yenyewe mtu akipita, lakini pawe na swichi jikoni ya kuilazimisha iwake mfululizo tunapokuwa na wageni. "Hilo dogo, mzee wangu," akajibu, kisha akaukata waya wa moto, ule unaoleta umeme kwenye sensa, na kuipachika swichi hapo alipoukata. Sasa nikiizima swichi, sensa yenyewe inakosa umeme na mwizi anapita gizani kwa raha zake. Nikiiwasha, taa inangoja mtu atikisike. Juzi tulikula pilau uani huku shemeji akipunga mkono hewani kila baada ya dakika moja, kama anayefukuza nzi, ili tuzione sahani.

Sensa ile ina nyaya tatu tu, yaani moto, nyutro (waya wa kurudisha umeme) na ule mwekundu unaopeleka umeme kwenye taa, na mchoro umebandikwa ubavuni mwake. Ilitakiwa ibaki na moto wake saa zote, na swichi iuchukue moto huo pembeni na kuupeleka moja kwa moja kwenye ule mwekundu. Ni waya mmoja wa ziada! Fundi aliporudi, alinishauri ninunue sensa nyingine.