Maabara Siyo Inayomkwamisha Mwanafonolojia Nyumbani

Mjadala wa wasomi wa Afrika Mashariki walioko nje ukifika kwenye isimu, hoja ya kwanza huwa ileile: nyumbani hakuna maabara, kwa hiyo mtu wa fonolojia, yaani anayechunguza mfumo wa sauti za lugha, hana la kufanya huko. Kwa mwanakemia hoja hiyo ina uzito. Kwa mwanafonolojia ni kisingizio, tena kinafunika tofauti ya kweli kati ya huku ughaibuni na huko nyumbani, ambayo ni muda na jinsi ajira inavyogawa kazi.

Tuanze na vifaa, kwa kuwa ndivyo vinavyolalamikiwa. Kuchunguza toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno, katika lugha ya Kibantu kunahitaji kinasa sauti kinachohifadhi faili za WAV kwa kiwango cha 44.1 kHz na biti 16, maikrofoni ya kuvaa kichwani, kompyuta ya kawaida na Praat, programu ya bure ya kuchanganua sauti iliyotengenezwa Amsterdam na Paul Boersma na David Weenink. Chumba kiwe na mapazia, godoro au nguo nyingi za kumeza mwangwi. Feni izimwe, friji ya chumba cha jirani ichomolewe, na chini ya paa la bati kazi isimame mvua inapoanza, maana hakuna programu itakayoiondoa baadaye bila kuharibu sauti. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp haufai kwa kila kitu: kidatu (ujuu au uchini wa sauti) hubaki kikisomeka, lakini masafa ya juu yanayotenganisha s, sh na th hubanwa na kupotea.

Kinachoharibu data nyumbani na ughaibuni kwa kiwango sawa ni mpangilio mbaya. Chukua uchunguzi wa toni za kitenzi. Una makundi 2 ya mizizi (yenye toni ya juu na isiyo nayo), urefu wa aina 4 kuanzia silabi moja hadi nne, njeo 6, na kila umbo likiwa na kiambishi cha yambwa (mtendwa) au bila hicho. Hayo ni maumbo 96. Kila moja litamkwe mara 3, upate matamko 288 kwa mzungumzaji mmoja. Ukiwa na wazungumzaji 6 unabeba matamko 1,728, na hapo bado hujagusa nomino. Ukiyasomesha kwa mpangilio wa orodha, mtoa data atapandisha kiimbo kwenye kila neno na kukishusha kwenye la mwisho, nawe utaandika toni ambazo lugha haina. Dawa yake ni kuchanganya mpangilio na kuliweka kila neno ndani ya sentensi mbebaji, yaani sentensi ileile inayorudiwa kwa kila neno, si mwishoni mwake, kwa sababu toni za mwisho wa kirai hushuka katika lugha nyingi. Ukiuliza maswali kwa Kiswahili uwe macho zaidi. Msemaji anaweza kuhamishia mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho kwenye lugha yake, nawe ukadhani umegundua kanuni. Ukishuku, mwombe apige mluzi wa neno badala ya kulitamka. Mluzi huacha konsonanti na irabu, unabaki na kidatu peke yake.

Halafu kuna mipangilio ya Praat. Mwanaume mwekee mipaka ya kidatu kati ya Hz 75 na 300, mwanamke kati ya 100 na 500. Ukiacha mipaka mipana kwa kila mtu, programu mara nyingine huruka maradufu: sauti ya Hz 110 inachorwa 220, na mwanafunzi anaandika toni ya juu kwa furaha kubwa. Chagua pia maneno yenye m, n na l kwa wingi. Konsonanti zisizo ghuna, yaani zisizotetemesha nyuzi sauti, kama t na k hukata mstari wa kidatu na kuinua mwanzo wa irabu inayofuata, na katika lugha kama Chidigo cha pwani ya Kenya na Tanzania konsonanti ghuna hushusha toni kiasi cha kubadilisha kanuni nzima.

Ughaibuni utakuta chumba kisichopitisha sauti, ultrasaundi ya kutazama ulimi unavyosogea, na barakoa ya kupima mkondo wa hewa. Vina kazi yake. Anayetaka kujua ni lini b ya Kiswahili huvuta hewa ndani na ni lini haivuti, atavihitaji. Lakini kupima mpumuo (pumzi inayofuata konsonanti) unaotenganisha paa la nyumba na paa wa porini kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, ni kuhesabu milisekunde kati ya mpasuko na mwanzo wa mtetemo wa nyuzi sauti, na Praat inatosha. Kazi kubwa za toni za Kibantu za miaka ya 1970 na 1980 zilifanywa kwa sikio, daftari na kinasa sauti cha kanda.

Sasa muda. Kunukuu dakika moja ya mazungumzo pamoja na toni, uchanganuzi wa mofimu (vipande vya neno vyenye maana) na tafsiri huchukua saa nzima, mara nyingi zaidi. Hapo ndipo nyumbani panapoumiza. Mhadhiri anapewa darasa la utangulizi wa isimu lenye mamia ya wanafunzi, pamoja na kozi nyingine, usimamizi wa tasnifu za uzamili, mazoezi ya kufundisha na vikao vya kamati. Rundo la karatasi za mtihani linakula likizo ileile ambayo ingekuwa ya uwandani. Kwenye chuo kikuu cha utafiti Marekani, mwenye nafasi ya kudumu au ya kuelekea kudumu kwa kawaida hufundisha kozi 2 kwa muhula, tena ana wanafunzi wa uzamivu wanaomsaidia kusahihisha. Kwangu tofauti hii ya muda inazidi mshahara na mashine kwa umuhimu.

Nimesema mwenye nafasi ya kudumu kwa makusudi. Wengi wanaosifia huku wanalinganisha mhadhiri wa kawaida wa nyumbani na profesa wa huku, wakawasahau walioko katikati. Nafasi za fonolojia zinazotangazwa kila mwaka ni chache, na chuo kikishapata mwanafonolojia mmoja kinaweza kukaa miongo miwili bila kuhitaji mwingine. Marekani matangazo hutoka kati ya Agosti na Desemba kwa kazi inayoanza mwaka wa masomo unaofuata. Utapeleka wasifu, barua, maelezo ya utafiti, maelezo ya ufundishaji, makala za mfano na wadhamini watatu. Ukipita usaili wa mtandaoni unaitwa chuoni kwa siku moja au mbili, utoe mhadhara wa karibu saa moja mbele ya idara nzima, na hata chakula cha jioni ni sehemu ya usaili. Ukiajiriwa, uamuzi wa kudumu huja karibu na mwaka wa 6. Ujerumani sheria inaruhusu mikataba ya muda ya hadi miaka 6 kabla ya uzamivu na 6 baada yake. Zikiisha hujapata uprofesa, mlango unabaki mwembamba sana, labda uajiriwe kwa fedha za mradi. Nyumbani ngazi ni polepole lakini inaonekana yote: Tanzania unaanza mkufunzi msaidizi ukiwa na GPA (wastani wa alama) ya 3.8 kwenye shahada ya kwanza, unapanda mhadhiri msaidizi baada ya uzamili, mhadhiri baada ya uzamivu, kisha mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Ukishathibitishwa kazini, huamki kila baada ya miaka miwili ukitafuta nchi nyingine ya kuhamia. Faida hii huwa haitajwi kabisa mitandaoni.

Kuna mtego mwingine unaotuhusu sisi hasa. Mwanafonolojia anayezungumza Kiswahili ni rahisi kuajiriwa, lakini kufundisha Kiswahili cha wanaoanza. Kazi hiyo ni halali na wengi wanaifanya vizuri sana. Tatizo ni mkataba: kozi nyingi zaidi kwa muhula, hakuna wanafunzi wa uzamivu, hakuna fungu la utafiti, na makala unazochapisha usiku haziingii kwenye tathmini yako. Baada ya miaka mitano wasifu unasomeka kama wa mwalimu wa lugha, na kamati inayotafuta mwanafonolojia inaupita. Kabla ya kusaini uliza mambo manne kwa maandishi: idadi ya kozi, kama utafiti ni sehemu ya tathmini, kama unaweza kusimamia tasnifu, na kama mkataba unaweza kubadilika kuwa wa kudumu. Wanaokuja Marekani kwa mpango wa Fulbright wa walimu wa lugha wakumbuke pia sharti la viza ya J-1: kurudi nyumbani kwa jumla ya miaka 2 kabla ya kuomba viza ya kazi ya H-1B au ukaazi wa kudumu, isipokuwa wapate msamaha rasmi.

Upande wa nadharia, kila sehemu ina upungufu wake na wa huku unasemwa mara chache. Nyumbani mitalaa mingi bado inaegemea kanuni za fonolojia zalishi ya Chomsky na Halle ya 1968, inagusa vipandesauti huru vya Goldsmith vya 1976, vinavyoiweka toni kwenye ngazi yake mbali na irabu, kisha Nadharia ya Umbo Upeo ya Prince na Smolensky ya 1993, inayochagua umbo kwa masharti yanayoshindana, inapewa wiki mbili za mwisho. Mwanafunzi anahitimu akijua kuandika kanuni ya ukaakaishaji (mfano k kugeuka ch) lakini hajui kupanga masharti hayo, yaani mashartizuizi, kwenye jedwali. Huku utakuta mwingine anayejaza majedwali kwa kasi ya ajabu, ila data zote amezitoa kwenye makala za watu na hajawahi kukaa na mzungumzaji akasikia kwamba umbo alilolijengea hoja halisemwi. Mimi huyu wa pili ananitia wasiwasi zaidi. Jedwali anajifunza mtu kwa muhula mmoja, sikio la toni linachukua miaka.

Tena nadharia zenyewe zimelishwa sana na lugha zetu. Clements na Ford mwaka 1979 waliutumia uhamaji wa toni za Kikuyu kuonyesha kwamba toni inaweza kuishi mbali na irabu iliyoizaa. Urefu wa irabu wa Chimwiini, lahaja ya Kiswahili ya Barawa nchini Somalia, ulikuwa mhimili wa hoja za Selkirk mwaka 1986 kuhusu mipaka ya virai vya kifonolojia, yaani mafungu ya maneno yanayotamkwa pamoja. Data za Chimwiini zilitokana na ushirikiano wa Charles Kisseberth na Mohammad Imam Abasheikh, msemaji wa lugha hiyo aliyesoma Illinois, na jina lake liko kwenye kazi hizo kama mwandishi. Ushirikiano wa namna hiyo ndio wa kudai. Kutajwa kwenye shukrani peke yake hakumpandishi mtu cheo popote.

Waliotangulia wanaonyesha njia zote mbili. Francis Katamba wa Uganda alibaki Lancaster, Uingereza, na kitabu chake cha utangulizi wa fonolojia cha 1989 kimesomwa kwenye madarasa mengi duniani. Alexandre Kimenyi wa Rwanda alibaki California akaendelea na toni za Kinyarwanda. David Massamba wa Tanzania alifanya uzamivu Indiana, Marekani, juu ya toni za Ciruri, lugha ya Mara, akarudi Dar es Salaam, na kile kitabu cha fonolojia ya Kiswahili Sanifu alichoandika na Kihore na Msanjila ndicho wanafunzi wa Kiswahili wanachokimbilia. Al Mtenje alisoma London, akarudi Malawi, na mwaka 2017 akatoa na Laura Downing kitabu kizima cha fonolojia ya Chichewa. Ukiniuliza nani kati yao ana mrithi rahisi, nitawataja waliorudi, maana wanafunzi wao wanazungumza lugha zinazochunguzwa.

Uchapishaji nao una hesabu zake. Makala ya Kiswahili kwenye majarida ya Dar es Salaam kama Kiswahili, Mulika au Kioo cha Lugha inakupandisha cheo nyumbani, lakini kamati ya Ulaya haitaisoma. Jarida la nje linaweza kuchukua mwaka au zaidi, na msomaji wa kwanza atauliza data zako zinaifanyia nini nadharia. Anayetaka kuacha milango yote miwili wazi achapishe maelezo kamili ya data kwa Kiswahili na hoja moja ya nadharia kwa Kiingereza, si makala ileile mara mbili, hilo ni kosa la kimaadili. Ukiwa chuo cha nyumbani, uliza pia kuhusu msamaha wa ada. Wachapishaji wengi wakubwa huwaondolea ada ya makala huria waandishi wa vyuo vya nchi zenye kipato cha chini, ila ombi hupelekwa kabla ya makala kukubaliwa.

Anayefikiria kurudi aanzie kwenye makaratasi. Shahada ya nje inapelekwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) itambuliwe ikiwa ni Tanzania. Cheo cha profesa msaidizi cha Marekani hakihamii kama kilivyo, utapangwa kwa machapisho, na wengi huanzia mhadhiri. Aliyechukua uraia wa nje anaomba kibali cha utafiti COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, kama mgeni, na Kenya kibali cha NACOSTI, tume ya huko ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kinamhusu kila mtu. Ombi liende miezi kadhaa kabla ya safari. Rekodi ziwekwe kwenye hifadhi ya kudumu, mfano ile ya lugha iliyoko Nijmegen, Uholanzi, na nakala ibaki kwenye idara ya nyumbani ikiwa na majedwali, ridhaa zilizosainiwa na maelezo ya kila faili: nani alizungumza, wapi, lini, kwa lahaja gani. Diski yenye faili 1,728 zilizopewa majina ya tarakimu tupu haimsaidii mwanafunzi yeyote, awe Leiden au Dodoma.